Koili ya Mkwe wa Seremala

Muuza vipuri alimwaga koili, vyuma vidogo vilivyosukiwa waya, juu ya kaunta kama mtu anayemwaga maharage ya kuchambua, kisha akamgeukia mwanamke na kumwacha mumewe, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuona mkoba uko kwapani mwa nani.

"Shemeji, hebu mwambie bwana achukue hii. Imeandikwa mia. Hiyo anayoing'ang'ania imeandikwa thelathini. Mia na thelathini, kipi kikubwa?"

"Mia," alisema yule mwanamke, Mshonaji.

"Haya! Na bei ni ileile. Sasa mtu anaacha mia anachukua thelathini kwa nini? Kaweka nadhiri?"

Wateja waliokuwa nyuma wakisubiri zamu wakacheka. Mumewe hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, fundi wa redio aliyefungiwa duka na mwenye jengo, na mtaani hakuwa na jina jingine ila Mkwe wa Seremala. Alikuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito, kwa hiyo mambo yake mazito yote aliyasema bila kuona anamwambia nani.

"Ndugu yangu," alisema huku akiifuta miwani, akielekeza maneno kwenye rafu ya betri, "namba hiyo peke yake haisemi koili itabeba umeme kiasi gani kabla haijashiba. Tazama waya wake, mwembamba kama uzi wa mke wangu. Mimi nataka kutoa volti kumi na mbili za betri nizipandishe mpaka ishirini na nne, niendeshe mota ya jokofu. Mota inakula umeme mwingi. Koili hii itashiba. Na koili ikishiba si koili tena, ni waya tu. Umeme unapita kwa mkupuo, unaipasua transista inayoukatiza."

"Inashiba," alirudia muuza vipuri, akiwageukia wateja wake. "Jamani, mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, na koili za dukani kwangu zinashiba."

Kicheko kikapanda. Mshonaji naye alibanwa na kicheko, akajikaza kwa kuchunguza kisigino cha kiatu chake. Muuza vipuri, kwa kuona soko limechangamka, akainua pete moja ya njano iliyozungushiwa waya. "Basi chukua hii. Imetoka kwenye kompyuta ya benki."

"Hata ingetoka kwa gavana wa benki. Chuma chake si cha kazi hii. Itachemka kama birika."

Mwishowe Mkwe aliinamia boksi la chini kabisa, lile la takataka, akaibuka na vipande viwili vya chuma cheusi vyenye meno matatu kila kimoja, vilivyojaa vumbi. Waya mnene wa shaba angeusuka mwenyewe. Muuza vipuri alivitazama vile vipande kama mtu anayeombwa auze mifupa, lakini alipotaja bei hakuona haya hata kidogo. Mshonaji akafungua mkoba. Hela ile ilikuwa ya sare za shule, suruali za watoto alizozishona mpaka vidole vikafa ganzi, na aliitoa noti moja moja, akitumaini kila noti itakuwa ya mwisho.

Alilipa kwa sababu moja. Mtu mmoja aliyejiita Mkurugenzi alikuwa akiuza majokofu madogo ya vinywaji kwa wenye vibanda mahali ambapo umeme haufiki. Mota zilitaka volti ishirini na nne, betri zilizopatikana zilitoa kumi na mbili, na kila fundi aliyemletea kipandisha volti alimletea hasara. Alimwambia Mkwe: leta kimoja, kiendeshe jokofu mbele yangu bila kuzimika, na kazi ni yako, mshahara na posho ya nyumba. Mshonaji alilisikia neno la mwisho kuliko yote yaliyotangulia. Tangu duka la redio lifungwe walikuwa wakilala kwa baba yake, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mbao. Mbao zenyewe hazikuhamishwa. Zilikaa kwenye viguzo juu ya kitanda, na kila alfajiri baba yake aliingia kuchukua ubao bila kupiga hodi, akisema, "Endeleeni kulala, endeleeni."

*

Seremala alimpa mkwewe pembe ya meza ya karakana, si zaidi, na akachora mstari kwa penseli kuonyesha pembe inaishia wapi.

Alikuwa mzee mkavu, mjane, mwenye penseli sikioni hata wakati wa kula. Mtaani alisifiwa kwa jambo moja: viungo vyake havikupitisha mwanga. Mguu wa kiti, kona ya kabati, droo, chochote alichokiunganisha alikishika mbele ya dirisha, akafumba jicho moja, akatazama. Akiona mwanga umepenya hata kama unywele, kile kitu kilikwenda kwenye kuni. Wanafunzi wake wengi walikwenda nacho.

"Bwana Umeme," alisema alipomwona Mkwe akizungusha waya, "leo unasuka? Mke anashona, mume anasuka. Nyumba yangu imekuwa saluni."

"Nasuka koili, Baba. Huu ndio moyo wa kifaa. Inavuta umeme, mimi naukatiza ghafla, nao kwa kukatizwa unaruka juu. Sasa hesabu yake..."

Seremala akawasha redio. Aliiwasha kwa sauti ya juu kila mkwewe alipotamka neno hesabu, na leo kulikuwa na matangazo ya vifo, ambayo aliyasikiliza kwa makini makubwa ingawa hakuwajua marehemu.

Kwa hiyo hesabu aliachiwa Mshonaji, aliyekuwa amekaa mlangoni akipinda suruali huku pini zimemjaa mdomoni. Mumewe alikata kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi, harusi ya watu ambao walikwisha kuachana, akakiweka katikati ya vile vipande viwili vya chuma kabla ya kuvifunga kwa utepe.

"Hili pengo ndilo kila kitu," alimwambia, miwani mkononi. "Chuma kikigusana na chuma, kinashiba mara moja. Ukikiachia pengo kidogo, unene wa kadi tu, kinapata pa kupumulia. Nguvu yenyewe inakaa hapa, kwenye pengo. Umeelewa?"

Mshonaji akaitikia kwa kichwa, itikio la mwanamke mwenye pini mdomoni, ambalo mume yeyote mwenye busara asingelichukua kuwa jibu.

Kisha wakajaribu. Mkwe alikuwa ameazima taa za mbele za lori kwa makanika wa jirani, maana taa za lori hutaka volti ishirini na nne na hula umeme kama mota. Alipounganisha betri, karakana ikawaka kama uwanja wa mpira. Vumbi la mbao likaonekana likielea mpaka darini. Mshonaji akapiga vigelegele, pini zikamwagika. Mkwe akaigusa koili kwa kidole, ikawa vuguvugu tu, na akasimama pale akitabasamu kwa taa kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumtabasamia.

Seremala alikinga macho kwa kiganja. "Taa za lori kuwaka ni ajabu? Kwenye lori zinawaka kila siku." Lakini hakuondoka. Alikizunguka kile kifaa, akakitazama juu na chini, waya zake, solda zake. "Na hii takataka utaipeleka kwa watu hivihivi, uchi?"

"Muhimu ni kifanye kazi, Baba."

"Muhimu kwako. Mtu akija kuposa bila shati, atasema muhimu ni moyo?" Akatoa penseli sikioni. "Nitakitengenezea sanduku. Si kwa ajili yako. Watasema kimetoka nyumba ya nani?"

*

Kesho yake mchana Mkwe alizibeba taa za lori kwenda kumrudishia makanika, ambaye alikwisha kutuma watu kuulizia. Sanduku lilikuwa tayari, la mbao nzuri ambayo Seremala alikuwa ameificha chini ya kitanda chake, lenye matundu ya hewa yaliyopangwa kwa rula. Alibakiza kuviweka vitu ndani. Akainua koili, na mkono wenyewe, bila kuulizwa, ukaipeleka mbele ya dirisha.

Mshonaji alimsikia baba yake akiguna kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Njoo. Njoo uone aibu."

Akaenda. Baba yake alikuwa amefumba jicho moja. Kati ya vipande viwili vya chuma, pembeni ya kadi, kijistari cha mwanga kilikuwa kikipita, chembamba lakini kipo.

"Ufa," alisema Seremala. "Mtu anakwenda kuomba kazi na ufa mkononi. Tena kaukinga kwa karatasi! Nani alimfundisha kazi huyu, jamani? Wanafunzi wangu waliziba kwa vumbi la mbao na gundi, na hao niliwafukuza."

"Baba, alisema kitu kuhusu hiyo kadi..."

"Alisema nini?"

Mshonaji akatafuta. Kulikuwa na kupumua, kulikuwa na kushiba. Vilimjia kama mambo ya mlo. "Sikumbuki vizuri."

"Basi." Seremala alikwisha kubandua utepe. Kadi ya harusi ikaanguka chini. Akavifuta vile vyuma kwa kitambaa, akavipaka gundi, ile ya kigeni aliyoitumia kwa kazi za wakubwa tu, akavikutanisha na kuvitia kwenye jiriwa, akiweka vipande vya ngozi pande zote mbili ili meno ya jiriwa yasivikwaruze. Alikaza polepole, ulimi nje kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo binti yake hakuwahi kumwona akilifanya kwa ajili ya mumewe: alipunguza sauti.

"Usimwambie. Mtu mzima ukimrekebishia kazi yake, unamvunjia heshima. Mwache aende nayo ikiwa safi."

Hapo Mshonaji alilainika. Miaka yote aliyokaa katikati ya wanaume hawa wawili kama kitambaa kati ya meno ya mkasi, hakuwahi kusikia neno heshima likielekezwa upande ule. Angekuwa mtu wa namna gani kuharibu saa kama hiyo kwa maneno ya kadi? Akachukua ufagio, akafagia sakafu, na kadi akaifagia pamoja na maranda.

Mkwe aliporudi alikuta sanduku limefungwa na kupakwa vanishi, skrubu zote zimezamishwa na kuzibwa kwa vijiti vya mbao, hata usijue lilifungwa wapi. Kulifungua kungetaka patasi, na patasi ingetaka maelezo. Akaunganisha kijitaa kidogo alichokuwa nacho, kisichokula umeme kama taa za lori, kikawaka vizuri.

"Kinawaka vizuri kuliko jana," alisema kwa mshangao.

Seremala na binti yake wakatazamana, wakayameza maneno kwa furaha.

*

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa nyuma ya duka la mabati, na kiti chake kilikuwa kikubwa kuliko mlango, jambo lililoonyesha kwamba kiti kilitangulia na kuta zikajengwa baadaye. Karani wake, ambaye pia alikuwa shemeji yake, alikuwa na kazi ya kucheka bosi anapocheka. Siku hiyo kulikuwa na wageni wawili waliotaka kununua majokofu kwa jumla. Mkwe na mkewe waliingia uani wamebeba betri, kila mmoja ameshika upande wake, kama watu wanaobeba mgonjwa.

"Hilo ndilo lenyewe?" Mkurugenzi alipitisha kiganja juu ya sanduku. "Lahaula! Hii ni fenicha."

"La ndani ndilo la maana, Mheshimiwa," alisema Mkwe, akavua miwani. "Katika kifaa hiki jambo la kwanza ni kuchagua koili. Wengi huchagua kwa namba, lakini mimi..."

"Washa, Fundi. Wageni wana haraka."

Akawasha. Mota ya jokofu ilishtuka, ikaanza kunguruma, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja kila mtu alitabasamu. Kisha ndani ya sanduku kukasikika mlio kama wa mbu, mbu akawa nyuki, halafu paa! Kimya. Moshi ukatoka kwenye yale matundu ya hewa, na kwa kuwa matundu yalipangwa kwa rula, moshi nao ulitoka katika mistari iliyonyooka sana.

"Mliniambia linapandisha volti," alisema Mkurugenzi. "Mimi naona linapandisha moshi."

Karani akafanya kazi yake. Mgeni mmoja akauliza kama majokofu yote yanatoa moshi au ni hili la maonyesho tu.

Mkwe aliomba patasi. Hapakuwa na patasi, akapewa bisibisi, naye akalibomoa sanduku la baba mkwe wake mbele za watu, vijiti vikiruka, vanishi ikipasuka. Akaitoa koili. Aliigeuza mara moja tu. Mahali palipokuwa na kadi palikuwa na chuma kilichokutana na chuma, na ukingo wa gundi uliopanguswa kwa ustadi mkubwa. Aliinua macho yakamkuta mkewe, na macho yale hayakuuliza nani, maana hiyo ilijulikana. Yaliuliza kama yeye alijua.

"Ni Baba," alisema Mshonaji. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ua ulikuwa kimya. "Aliona ufa, akauziba. Nilikuwepo."

"Ngoja, ngoja," alisema Mkurugenzi, akifurahi kama mtu aliyepata kisa cha kusimulia mpaka uzeeni. "Fundi wangu ana fundi wake? Na kifaa ulichotaka kuniuzia kilikuwa na ufa tangu mwanzo?"

"Si ufa, Mheshimiwa, ni pengo. Lazima liwepo. Bila pengo chuma kinashiba..."

"Kinashiba! Karani, umesikia? Mpe soda chuma." Akasubiri kicheko, akakipata. Kisha akaokota kifuniko cha sanduku, akakipulizia vumbi. "Lakini huyu mzee anajua kazi. Mwambieni aje nimwone."

*

Walirudi na betri yao. Kwenye kona ya mtaa Mkwe alisema, "Nilikueleza habari ya kadi," na Mshonaji akajibu, "Nilikuwa na pini mdomoni," na hapo mazungumzo yakaisha.

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, shati safi, penseli sikioni.

"Enhe! Wamesemaje kuhusu sanduku?"

Mkwe akaweka betri chini. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimsogelea baba mkwe wake mpaka wakakaribiana pua. "Limepasuka, Baba. Limepasuka mbele za watu, kwa sababu mtu aliziba pengo langu."

"Ufa."

"Pengo!"

"Kitu kinachopitisha mwanga ni ufa. Umeme gani unaohitaji upenyo? Umeme ni panya?"

"Baba, umeninyima kazi!"

"Nimekunyima? Kitu kimeunganishwa barabara kikapasuka, halafu aliyeunganisha ndiye mbaya? Useme kilikuwa kibovu tangu..."

"Nyamazeni!" alisema Mshonaji, na walinyamaza, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa kuita wateja. "Baba, wewe huamini mpaka uone. Mume wangu, wewe hujui kusema mpaka uvue miwani. Basi hakuna kusema. Muonyeshe."

Ilibidi taa za lori ziazimwe tena. Makanika alizitoa akinung'unika, "Huko kwenu mnaonyesha sinema?" Mkwe alivitenganisha vile vyuma kwa maji ya moto, akatia transista ya akiba aliyokuwa ameibakiza, akakata kadi nyingine, akafunga. Seremala aliletewa kiti. Mkwe akawasha: karakana ikajaa mwanga, na ukakaa, ukaendelea kukaa. Kisha akazima, akaichomoa kadi mbele ya macho ya mzee, akavibana vyuma vikagusana, visionyeshe mwanga hata wa unywele, akawasha tena. Mbu, nyuki, paa! Kipande cha transista kiliruka, kikagonga kofia ya Seremala, kikaanguka mapajani mwake.

Mzee alikitazama kile kipande kwa muda mrefu.

"Rudia," alisema.

"Hakuna ya kurudia. Ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Redio ilikuwa imezimwa. Seremala alichukua koili, mkono ukaelekea dirishani kwa mazoea, ukasita njiani, ukarudi. "Mngeniambia," alisema.

"Alisema ukiwa hapohapo, Baba. Wewe ulikuwa ukisikiliza vifo."

Seremala akainuka, akakung'uta kofia. "Kesho nitakwenda mwenyewe kwa huyo Mkurugenzi. Niliyeharibu ni mimi, nitatengeneza mimi." Alisema kwa ukali, kama anayemfokea mtu, lakini alisema. "Wewe, Bwana Umeme, hebu nieleze tena hiyo habari ya kushiba. Polepole."

Na Mkwe akaeleza, miwani machoni, mpaka giza likaanza kuingia. Mshonaji alisikiliza akiwa jikoni, chumvi ikimwagika mkononi kwa furaha. Kabla ya kulala akamfuata baba yake. "Baba, usisahau. Aliahidi mshahara na posho ya nyumba. Posho ya nyumba, Baba."

"Nimesikia. Nitaisahau vipi?"

*

Asubuhi Seremala aliondoka na koti lake la misiba na harusi, koili kaifunga kwenye leso. Mshonaji hakushona kitu. Alikwenda kutazama chumba alichokuwa amekitupia jicho kwa siku nyingi, chenye dirisha la barabarani ambapo cherehani ingekaa wateja waione, chenye dari tupu isiyo na mbao hata moja. Mama mwenye nyumba alimwambia kuna mtu mwingine anakitaka. "Nakupa mpaka alasiri, mwanangu, kwa kuwa unaonekana mtu wa maana." Mshonaji akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono yote miwili pembeni, haikugusa kitu.

Baba yake alirudi jua likiwa kichwani, anatembea kwa madaha, soda mkononi. Mkwe alisimama. Mshonaji alisimama. Seremala hakutaka kusimulia akiwa wima. Alitafuta kiti, akaketi, akanywa.

"Nimemweleza," alisema. "Nimemwambia, Mkurugenzi, si kila kiungo kinafungwa. Chuma kikigusana na chuma kinashiba. Lazima ukiachie pa kupumulia, unene wa kadi tu, maana nguvu yenyewe inakaa kwenye pengo. Basi yule bwana alinyanyuka kwenye kiti. Akasema, Mzee, leo ndiyo nimeelewa. Huyu kijana wenu alikuwa akinichanganya."

Mkwe alifungua kinywa. Mkewe akamshika mkono.

"Na kazi, Baba?"

"Tumepata. Majokofu yote. Sanduku na vya ndani." Akanywa tena. "Mkataba kauandika kwa jina langu, kwa kuwa anataka mtu mzima wa kumshika shati mambo yakiharibika. Bwana Umeme atakuwa msaidizi wangu. Mshahara wake utapitia kwangu."

"Msaidizi," alisema Mkwe.

"Mshahara ni uleule alioahidi. Alitaka kuupunguza kwa sababu ya ule moshi, mimi nikakataa katakata. Nikamwambia, huyu ni mkwe wangu."

Neno lile, ambalo mtaa mzima ulilitumia kumdogosha, mzee alilitamka kwa namna ambayo Mkwe alishindwa kukasirika, na alijaribu. Mshahara uleule. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama, na kwa dakika ile walikuwa watu wawili waliokwisha kupanga kitanda kitakaa ukuta gani. Alasiri ilikuwa bado.

"Na posho ya nyumba, Baba?" aliuliza Mshonaji.

"Ah! Hiyo sikuisahau." Seremala aliweka chupa chini ili awe na mikono yote ya kusimulia. "Nilipofika hapo nikamwambia mwenyewe, Mkurugenzi, hiyo ifute. Watu hawa wanakaa kwangu, hawalipi kitu, na chumba wanacho. Mimi si mtu wa kula hela ya bure. Mngeona alivyonishika mkono! Akasema watu waaminifu kama mimi siku hizi hawapo."

Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni wa maji. Mkwe alikaa polepole juu ya betri.

"Umeshatia saini?" aliuliza Mshonaji.

"Kwa kalamu yake," alisema Seremala, akaitoa mfuko wa koti waione. "Akaniachia kabisa."